Uzi: Vitamini iliyoandikwa kwenye lebo ya kipodozi na vitamini iliyobaki ndani ya chupa

Mizani (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Kila mjadala wa vipodozi unapofunguliwa humu, swali linalorudi ni la asilimia: seramu hii ina vitamini C asilimia 15, ile ina 20, tuchukue ipi? Nimefanya kazi katika chumba cha kuchanganyia vipodozi kwa miaka kadhaa, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuona kwamba asilimia ndilo jambo la mwisho ambalo mnunuzi angepaswa kuuliza. Asilimia hueleza kilichowekwa kwenye mizani siku ya kuchanganya. Haisemi lolote kuhusu kilichobaki siku unapojipaka, na kwa baadhi ya vitamini tofauti kati ya siku hizo mbili ni kubwa mno.

Nianze na kisa. Tulichanganya mzigo wa seramu ya asidi askobiki, ambayo ndiyo vitamini C katika umbo lake halisi, kwa fomula tuliyokwisha kuitumia mara nyingi bila tatizo. Viambato vilikuwa vilevile, chupa zilezile, pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi ni kali zaidi) ileile. Kwa kawaida seramu ile ilikaa miezi kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha umanjano. Safari hii, wiki ya tatu tu, chupa za akiba tulizozifungia kabatini gizani zilikuwa na rangi ya majani makavu, na kufikia wiki ya tano zilikuwa kahawia. Tulimlaumu aliyetuuzia unga wa vitamini, tukamlaumu aliyepima, tukapima upya kila kitu. Kosa lilikuwa ukutani: fundi aliyekuja kurekebisha bomba la maji yaliyosafishwa alikuwa ameondoa koki ya plastiki na kuweka ya shaba. Maji yaliyolala ndani ya koki ile usiku kucha yalibeba shaba kidogo, isiyoonekana kwa macho, na shaba huchochea uoksidishaji wa asidi askobiki, yaani kuharibiwa kwake na oksijeni, hata inapokuwa kidogo kiasi hicho. Chuma nacho hufanya hivyo, ingawa si kwa ukali wa shaba. Fomula yetu haikuwa na EDTA, kiambato kinachozishika ayoni za madini na kuzizuia zisifanye uharibifu, kwa sababu tuliyaamini maji yetu. Tulimwaga mzigo mzima, na tangu siku ile sijachanganya vitamini C bila EDTA.

Kinachotokea ndani ya chupa ni hiki. Asidi askobiki hupoteza elektroni mbili na kugeuka asidi dihaidroaskobiki. Hatua hii bado ina njia ya kurudi nyuma, ndiyo maana wenye fani hawaihesabu kuwa msiba kamili. Lakini molekuli hiyo mpya ni dhaifu: maji huifungua pete yake, ikawa asidi daiketogulonia, na kutoka hapo hakuna kurudi. Kisha vipande huvunjika zaidi na kuungana ovyo, na hapo ndipo rangi ya njano, ya machungwa na hatimaye ya kahawia inapotokea. Ningependa msomaji ashike jambo moja hapa: asidi dihaidroaskobiki yenyewe haina rangi. Seramu inaweza kuwa imekwisha kuanza safari ya kuharibika huku ikiwa bado nyeupe kama maji.

pH ndiyo nusu iliyobaki ya maelezo. Asidi askobiki hufikia nusu kwa nusu, yaani nusu ya molekuli zake zikiwa na chaji na nusu zikiwa hazina, kwenye pH ya karibu 4.2. Ukishuka hadi 3.2, ni takriban moja tu katika kila kumi na moja iliyo na chaji. Molekuli yenye chaji huoksidishwa kwa urahisi zaidi na hupenya ngozi kwa shida zaidi, kwa hiyo pH ya chini hutatua mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Kundi la Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilionyesha mwaka 2001 kwa kutumia ngozi ya nguruwe kwamba asidi askobiki ilihitaji pH iliyo chini ya 3.5 ili ipenye vizuri, kwamba faida ilifikia kilele kwenye asilimia 20, na kwamba kuongeza zaidi ya hapo hakukuongeza kiasi kilichoingia. Wanaouza seramu za asilimia 30 kwa majigambo wangefanya vyema kutueleza wanalenga nini.

Mwaka 2005 watafiti wa kundi hilohilo walichapisha kazi nyingine: mchanganyiko wa vitamini C asilimia 15 na vitamini E asilimia 1, ulipoongezwa asidi feruliki asilimia 0.5, ulidumu vizuri zaidi, na kinga yake dhidi ya madhara ya miali ya jua ikapanda kutoka mara nne hadi takriban mara nane. Fomula nyingi zinazouzwa leo ni wajukuu wa mchanganyiko ule.

Naweka kituo hapa kwa sasa. Nitaendelea na vitamini A, ambayo hadithi yake ni kali zaidi, lakini kwanza karibuni kwa maswali.

Hidaya

Kaka Mizani, asante kwa uzi huu. Nina maswali mawili. La kwanza, nimeambiwa niweke seramu yangu ya vitamini C kwenye jokofu. Je, kuna maana yoyote au ni desturi tu? La pili limenitatiza muda mrefu. Nikijipaka usiku, asubuhi naona ncha za vidole vyangu na pembe za kucha zina rangi ya machungwa isiyotoka kwa sabuni, na foronya yangu nyeupe imepata madoa. Nilidhani mtengenezaji ameweka rangi.

Mizani (mleta uzi)

Dada Hidaya, nianze na la pili kwa sababu linapendeza. Mtengenezaji hakuweka rangi. Umeitengeneza mwenyewe kwenye vidole vyako. Asidi askobiki inapovunjika juu ya ngozi, mojawapo ya vipande vyake ni erithrulozi, sukari ndogo ambayo viwanda huitumia makusudi katika losheni za kuipa ngozi rangi bila kuota jua. Huungana na protini za tabaka la juu la ngozi na za kucha, ndiyo maana sabuni haiwezi kuitoa: hadi ngozi ile ijibambue, au kucha ikue na kukatwa. Usoni huioni sana kwa sababu seramu imesambaa sawasawa, lakini kwenye ncha za vidole na kando ya kucha imelala nene. Osha mikono mara tu umalizapo kujipaka. Na ikiwa chupa mpya inaacha madoa hayo tangu siku ya kwanza, basi haikuwa mpya kama ulivyodhani.

Kuhusu jokofu, lina maana. Kanuni ya makadirio tunayoitumia kazini ni kwamba mwendo wa uharibifu wa kikemia huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzijoto 10. Ukitoka nyuzi 25 hadi nyuzi 5 umeshuka ngazi mbili, kwa hiyo unatarajia mwendo uwe karibu robo. Tahadhari ni mbili. Asidi feruliki huyeyuka kwa shida, na kwenye baridi inaweza kuganda ikawa vijiwe vidogo kama mchanga mwororo chini ya chupa. Pia krimu zenye maji na mafuta pamoja si zote zinazostahimili kupoa na kupata joto kila siku, baadhi hutengana. Seramu ya maji matupu haina shida hiyo ya pili. Na ukiitoa, ifunge upesi: jokofu hupunguza mwendo wa uharibifu, lakini halitoi hewa iliyokwisha kuingia ndani ya chupa.

Fundi Sabuni

Mkuu Mizani, naheshimu maelezo yako, lakini nadhani unafanya jambo rahisi lionekane gumu. Kuna vitamini C zilizoboreshwa ambazo haziharibiki: kuna zile zenye fosfeti, kuna ya palmiti, kuna ya glukosi. Kwa nini mtu ahangaike na asidi tupu inayochoma ngozi na kugeuka kahawia, wakati tiba ya ugonjwa huo ipo tayari? Mimi naona watengenezaji wanaong'ang'ania asidi askobiki wanafanya hivyo kwa sababu utafiti wa zamani uliihusu yeye.

Mizani (mleta uzi)

Mkuu Fundi, hoja yako ina uzito, na ningeikubali kwa robo tatu. Lakini usiziweke zote kwenye kapu moja, kwa sababu hazilindwi mahali pamoja.

Udhaifu wa asidi askobiki uko katika kaboni yake ya 2 na ya 3, ambapo kuna vikundi viwili vya haidroksili vilivyoshikamana na kifungo maradufu. Hapo ndipo elektroni zinapotoka. Ukifunga fosfeti au glukosi kwenye nafasi ya 2, umeweka kufuli mlangoni: oksijeni inakuja na kukuta pamefungwa. Askobili glukosidi na zile fosfeti za sodiamu na magnesiamu hukaa vizuri kwa sababu hiyo, ingawa za fosfeti zinataka pH iliyo karibu na 7, na zikitiwa kwenye kimiminika chenye asidi kali fosfeti yake huanza kung'oka. Askobili palmiti ni mambo mengine. Asidi yake ya mafuta imefungwa kwenye nafasi ya 6, upande wa pili kabisa wa molekuli. Inayeyuka kwenye mafuta, ndiyo, lakini mlango wenyewe uko wazi, na huoksidishwa karibu kama asidi yenyewe. Kwa hiyo kipodozi kinachojinadi kuwa na vitamini C thabiti huku lebo ikisema askobili palmiti kinanifanya nitabasamu.

Robo ninayobaki nayo ni hii: kufuli huzuia wote, hata mwenye nyumba. Umbo lililofungwa halifanyi kazi ya vitamini C mpaka vimeng'enya vya ngozi viikate fosfeti au glukosi, na kiasi kinachopenya na kukatwa si kikubwa kwa kila umbo. Katika kazi ile ya mwaka 2001, fosfeti ya magnesiamu haikuongeza kiwango cha vitamini C ndani ya ngozi. Unachagua kati ya kitu chenye nguvu kinachokufa upesi na kitu cha kudumu chenye nguvu ndogo. Mwenye ngozi inayowasha kwa wepesi ningemwelekeza kwa askobili glukosidi bila kusita. Mwenye ngozi imara anayemaliza chupa ndogo kwa mwezi mmoja na nusu, asidi askobiki bado ina nafasi yake.

Msomi Mtulivu

Naomba kuongeza swali. Watu wengi humu husema kwamba chupa yenye kifuniko cha kudondoshea inaharibu vitamini kwa sababu hewa inaingia kila unapofungua. Je, hewa hiyo ni nyingi kiasi cha kuleta tofauti? Ningependa kuona hesabu, si maneno.

Mizani (mleta uzi)

Swali zuri, na hesabu yake ndiyo itakayonifikisha kwenye vitamini A.

Chukua chupa ya mililita 30 iliyobaki nusu. Ndani yake kuna mililita 15 za seramu na mililita 15 za hewa. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, yaani kama mililita 3, ambazo kwenye joto la kawaida la chumba ni karibu milimoli 0.13 (milimoli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Seramu ya asidi askobiki ya asilimia 15 iliyobaki ina gramu 2.25 za vitamini, ambazo ni takriban milimoli 12.8. Hata oksijeni yote ya hewa ile ikitumika, molekuli moja kwa molekuli moja, itakula karibu asilimia 1 ya vitamini. Oksijeni ikiacha nyuma peroksidi ya haidrojeni, ambayo nayo huendelea kuoksidisha, weka asilimia 2. Oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji yenyewe ni kidogo mno, kama miligramu 8 kwa lita, haifai hata kutajwa hapa. Kwa hiyo kufungua chupa mara moja si kitu. Tatizo ni kwamba unaifungua kila siku kwa miezi miwili, kila mara hewa ya zamani inatoka na mpya inaingia, na kadiri seramu inavyopungua ndivyo hewa inavyozidi. Wiki za mwisho za chupa ndizo mbaya zaidi, na ndizo ambazo mtu huwa anaibania ili isiishe.

Sasa rudia hesabu hiyohiyo kwa retinoli, yaani vitamini A ya vipodozi. Krimu ya retinoli ya asilimia 0.3, mililita 15, ina miligramu 45 za retinoli, ambazo ni takriban milimoli 0.16. Linganisha na oksijeni milimoli 0.13. Hewa ileile ambayo ingekula asilimia 1 ya vitamini C inakaribia kutosha kumaliza retinoli karibu yote. Haitokei kwa siku moja, kwa sababu krimu ni nzito, oksijeni inapenya polepole, na ndani yake huwa kuna kizuia uoksidishaji, kama BHT au tokoferoli (vitamini E), kinachojitoa mhanga kwanza. Lakini utaona kwa nini mimi hununua retinoli iliyo kwenye tyubu ya alumini tu, au kwenye chupa ya pampu isiyorudisha hewa ndani. Tyubu ya alumini ukiiminya inabaki imeminyika; haivuti hewa kama tyubu ya plastiki inavyorudi umbo lake na kunyonya pumzi nzima kila unapoiachia. Plastiki zenyewe pia hupitisha oksijeni polepole ukutani mwake, jambo ambalo alumini haifanyi. Nikiona retinoli kwenye kopo lenye mdomo mpana, la kuchovya kidole, sihitaji kusoma lebo.

Mwanga ni adui wa pili wa retinoli. Molekuli yake ina vifungo maradufu vitano vilivyopangwa kwa kupishana, na mpangilio huo hunyonya miali ya urujuanimno kwa nguvu zaidi karibu na nanomita 325. Sehemu ya miali ya aina hiyo hupita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha, kwa hiyo krimu iliyowekwa dirishani haiko kivulini hata kama jua haliipigi moja kwa moja. Chupa za rangi ya kaharabu zimewekwa rangi hiyo kwa sababu hii, wala si kwa urembo. Asidi nayo huitoa retinoli molekuli ya maji na kuiacha ikiwa anhidroretinoli, yenye nguvu ndogo sana, ndiyo maana kuweka retinoli na asidi askobiki ya pH 3 katika chupa moja ni kuwaweka chui na mbuzi zizi moja.

Watengenezaji wanalijua hili, na dawa yao ya miaka mingi imekuwa kuzidisha kipimo: unaandika asilimia 0.3 na kuweka zaidi, ili mwisho wa muda ibaki inayoandikwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeweka kikomo cha vitamini A, kwa kipimo cha retinoli, kuwa asilimia 0.3 kwa bidhaa za uso na nyingine za kubaki kwenye ngozi au za kuoshwa, na 0.05 kwa losheni za mwili. Sababu yake ni jumla ya vitamini A inayoingia mwilini kutoka kila mahali, lakini kwa sisi wa chumba cha kuchanganyia kikomo cha namna hiyo kinatubana mahali pengine: hakuna tena nafasi pana ya kuzidisha, kwa hiyo lazima uilinde uliyoweka.

Msomi Mtulivu

Hesabu imeeleweka, nashukuru. Hata hivyo, je, kampuni hazipimi uthabiti kabla ya kuuza? Nimesoma kwamba bidhaa huwekwa kwenye joto la nyuzi 40 kwa miezi 3, na zikifaulu huhesabiwa kuwa salama kwa miaka miwili.

Mizani (mleta uzi)

Hupima, lakini jiulize wanapima nini. Mara nyingi kinachopimwa kwenye vipodozi ni sura, harufu, rangi, uzito wa mtiririko, pH na kama maji na mafuta yametengana. Krimu inaweza kufaulu yote hayo huku vitamini yake ikiwa imeisha, kwa sababu kiasi cha vitamini hujulikana tu kwa kukipima chenyewe maabara kwa mashine ya kromatografia, na hilo ni gharama ambayo si kila mmoja anaibeba.

Na hesabu ya miaka miwili haisimami kwa kanuni ya maradufu. Kutoka nyuzi 25 hadi 40 ni ngazi moja na nusu, yaani mwendo wa takriban mara 2.8. Miezi 3 mara 2.8 ni miezi minane na nusu hivi. Ili ufike miaka miwili lazima udai kwamba uharibifu huongezeka kwa kasi kubwa zaidi ya hiyo, na huenda ikawa hivyo kwa kiambato fulani, lakini lazima uoneshe. Isitoshe, bidhaa inayopimwa imefungwa haijaguswa. Hakuna anayeifungua kila asubuhi kwa vidole vyenye unyevu katika chumba cha kuogea chenye mvuke. Alama ya kopo lililofunguliwa yenye 6M au 12M, yaani miezi baada ya kufungua, ndiyo inayogusa maisha halisi, na kwa asidi askobiki na retinoli mimi huikata kwa nusu.

Nuru ya Asubuhi

Habari za humu. Mimi nina jambo tofauti. Nimeambiwa nisitumie niasinamidi, ile vitamini B3, pamoja na vitamini C kwa sababu zinauana. Pia naona losheni yangu imeandikwa vitamini E, kisha ndani kwenye viambato imeandikwa tokoferili asetati. Je, nimedanganywa? La mwisho: naweza kununua unga wa asidi askobiki na kuutia kwenye losheni yangu mwenyewe?

Mizani (mleta uzi)

Dada Nuru, karibu.

Niasinamidi ndiye mtulivu wa ukoo mzima. Mwanga haumsumbui, hewa haimsumbui, na kwenye pH ya 5 hadi 7 hukaa miaka. Kinachoweza kumharibu ni asidi kali au alkali kali pamoja na joto kwa muda mrefu; hapo hugeuka asidi nikotiniki, ambayo hufanya uso uwe mwekundu na kuhisi moto. Hali hiyo haitokei kwa kupaka kimoja juu ya kingine usoni kwa dakika chache. Zikikutana ndani ya kimiminika hujiunga kiasi na kutoa rangi ya njano, na nadhani umanjano huo ndio uliozaa uvumi wa kuuana; muungano huo hutengana tena. Kama uso wako haupati shida, tumia.

Hujadanganywa kuhusu vitamini E. Tokoferoli tupu huoksidishwa haraka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake: inatoa haidrojeni ya kikundi chake cha haidroksili ili kuokoa mafuta yanayoizunguka. Asetati imefunga kikundi hicho, kwa hiyo inadumu, na inasubiri vimeng'enya vya ngozi vikifungue. Ukitaka vitamini E iilinde krimu ndani ya chupa, asetati haisaidii kitu. Ukitaka iingie kwenye ngozi baadaye, inafaa kwa kiasi. Makampuni makini huweka zote mbili.

Kuhusu unga, nakusihi usifanye. Losheni nyingi zina pH ya 5 hadi 6. Ukitia unga huo, pH itashuka usikojua, krimu yenyewe inaweza kukatika, na kihifadhi kilichopimwa kwa pH ya awali kinaweza kuacha kufanya kazi au kubadilika. Kijiko cha chuma na maji ya bomba vitakuletea madini yaleyale yaliyotumaliza sisi. Kama ni lazima uchanganye, changanya kiasi cha mara moja kiganjani, na usiweke akiba.

Fundi Sabuni

Nakubali kwamba palmiti niliitaja kwa haraka. Swali la vitendo sasa: mtu asiye na mashine ya kromatografia atajuaje kwamba chupa yake ya vitamini C imekwisha kazi?

Mizani (mleta uzi)

Hatajua kwa uhakika, mkuu, ila anaweza kulinganisha. Ukinunua chupa mpya, chukua sahani nyeupe, dondosha tone moja la mpya na tone moja la ile ya zamani, yaweke mbali na jua na uyaangalie usiku na asubuhi inayofuata. Umanjano hafifu kwenye chupa si hukumu ya kifo, kwa sababu rangi hutokana na sehemu ndogo ya molekuli zilizoharibika, na huenda nyingi bado ziko hai. Rangi ya machungwa iliyokolea ni jambo jingine, na kahawia usijisumbue nayo. Jihadhari na mambo mawili: chupa ya rangi ya kaharabu hudanganya macho, kwa hiyo itoe seramu nje ndipo uihukumu, na kipimo hiki ni cha asidi askobiki tu, hakisemi lolote kuhusu retinoli wala zile zenye fosfeti.

Hidaya

Kaka Mizani, nimefanya jana usiku. Tone la chupa mpya, ambayo nimeinunua wiki hii, asubuhi lilikuwa limekauka na kuacha duara lenye umanjano pembezoni tu. Tone la chupa ya zamani, ile inayochafua foronya, lilikuwa na rangi ya kutu tangu lilipotoka kwenye chupa, nami miezi yote hii nilidhani ni rangi ya kioo. Asubuhi nililigusa ili nilifute, na sasa hivi ninapoandika kidole changu cha shahada kina doa la machungwa.

Mizani (mleta uzi)

Pole, dada. Doa hilo litaondoka na ngozi yake baada ya siku chache. Hiyo mpya iandike tarehe ya leo chini ya chupa kwa kalamu isiyofutika, na uimalize kabla ya miezi miwili hata kama itakubidi ujipake shingoni pia.